Nyumba Mpya: Mifugo Iwe Karibu na Sikio, Mbali na Pua

Mavuno yakishaingia ghalani, wakati wa kujenga unafika. Mvua zimekwisha. Njia zinapitika. Watu wanafyatua matofali, wanakata nguzo na fito, wanatafuta nyasi au bati za kuezekea. Labda wewe pia unafikiri kujenga nyumba mpya mwaka huu.

Mtu anapofikiri nyumba mpya, huhesabu vyumba. Chumba cha baba na mama. Chumba cha watoto. Chumba cha bibi. Jiko. Lakini mara nyingi husahau kuwahesabu wengine wanaokaa naye. Hao ni mbuzi, kuku, mbwa na paka. Nao hulala. Nao hula, hunywa na huenda haja. Usipowapa mahali, watajitafutia wenyewe. Kuku atalala juu ya vyombo. Mbwa atalala jikoni penye majivu. Paka atafukia mavi yake katika mchanga wako wa kujengea. Mbuzi atalala pale atakapofungwa, hata kama ni kando ya kitanda cha mtoto.

Somo letu la leo ni jinsi ya kupanga nyumba mpya ili watu wapate afya, na wanyama nao wapate afya.

WAZEE WETU WALIKUWA NA SABABU

Kulala na mifugo si ujinga. Wazee wetu walikuwa na sababu. Wagogo wa Dodoma walijenga tembe kuzunguka ua, na ng'ombe wakalala katikati ya ua huo. Ndama na mbuzi waliingizwa ndani. Wachagga wa Kilimanjaro walifuga ng'ombe na mbuzi ndani ya nyumba, wakawakatia majani, na samadi wakaipeleka migombani. Wahaya walilaza ng'ombe ndani ya msonge. Wamasai huweka ndama na watoto wa mbuzi ndani, karibu na moto.

Sababu zao zilikuwa hizi: fisi na chui, wezi, na baridi. Mbuzi ni mali. Mbuzi ni karo ya mtoto, ni mahari, ni dawa siku ya ugonjwa. Mtu hawezi kuiacha mali yake nje gizani.

Kwa hiyo hatusemi, "Watoeni mbuzi, basi." Tukisema hivyo tutakuwa hatukusikiliza. Lazima tuonyeshe jinsi ya kuwatoa na bado wakawa salama.

FAMILIA MOJA ILIVYOZUNGUMZA

Tuchukue mfano wa familia moja. Baba, mama, watoto watatu na bibi mzaa baba. Wana mbuzi 10, kuku 12, mbwa mmoja na paka mmoja. Mtoto mdogo ana mwaka mmoja. Anatambaa. Mwaka huo amekwisha kuharisha mara nne. Amekonda. Mama amechoka kwenda zahanati.

Baba alitaka kujenga nyumba ya vyumba vitatu, na kimoja kiwe cha mbuzi. Mama akasema, "Baba watoto, mimi naomba mbuzi wasilale ndani tena. Kuku pia. Mtoto anaokota kila kitu sakafuni na kutia mdomoni."

Baba akajibu, "Mama watoto, na wezi je? Mwezi uliopita jirani aliibiwa mbuzi sita."

Bibi naye akasema, "Sisi tulilala na mbuzi miaka yote. Na mimi hapa nilipo, nimezeeka."

Bwana afya wa kijiji alikuwa amekaa nao. Hakumcheka bibi. Alimwamkia tena, "Shikamoo bibi," kisha akauliza, "Bibi, ulijaliwa watoto wangapi?"

Bibi akanyamaza kidogo. Akasema, "Tisa. Walio hai ni wanne."

Hakuna mtu aliyesema neno. Kisha bwana afya akasema, "Bibi, sisemi kwamba mbuzi ndio waliowaua. Leo hakuna awezaye kujua kila mmoja alikufa kwa nini. Lakini zamani hatukujua mambo tunayoyajua sasa. Kuhara kunaua watoto wadogo, na vijidudu vya kuhara hutoka katika mavi. Mavi ya watu, na mavi ya wanyama pia."

Bibi akamtazama mjukuu wake. Akasema, "Basi tupange vizuri. Lakini nisiposikia mbuzi wangu usiku, sitalala."

Neno hilo la bibi ndilo shina la somo letu. Mifugo iwe karibu na sikio, lakini iwe mbali na pua na mdomo. Uisikie usiku, usiivute pumzi yake, usile mavi yake.

MAGONJWA YANAVYOINGIA NYUMBANI

Kabla ya kupanga, tujue tunajikinga na nini.

Kuku. Mavi ya kuku yana vijidudu vinavyoleta kuhara. Mtoto anayetambaa hugusa mavi hayo, kisha hutia mkono mdomoni. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hakui vizuri, hata kama anapewa chakula.

Mbwa. Mbwa mwenye kichaa akikuuma, mate yake huingiza ugonjwa mwilini. Karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa duniani huupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu huua. Mbwa pia ana tegu. Mayai ya tegu hutoka katika mavi yake. Mtu akiyameza kwa mikono michafu au kwa maji machafu, anaweza kuota uvimbe wenye maji katika ini au mapafu.

Paka. Paka ni rafiki wa ghala, maana anakamata panya. Lakini mavi yake huweza kuwa na kimelea kinachodhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Mama mjamzito asishike mavi ya paka.

Mbuzi na ng'ombe. Maziwa yasiyochemshwa huweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba. Mnyama anapotupa mimba, damu na kondo la nyuma vina hatari. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua watu katika mikoa kadhaa ya Tanzania, na Dodoma ulikuwa mmoja wao. Ugonjwa huo huletwa na mbu, na pia kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa.

Nzi. Nzi huzaa katika mavi ya watu yaliyoachwa nje, na pia katika samadi. Nzi hupeleka uchafu kwenye chakula. Hupeleka ugonjwa wa macho uitwao trakoma kutoka jicho la mtoto mmoja hadi jicho la mwingine.

Papasi na funza. Papasi hukaa katika nyufa za kuta na sakafu. Mchana hujificha, usiku hunyonya damu na kuleta homa ya papasi. Homa hiyo ni mbaya zaidi kwa mama mjamzito na mtoto mdogo. Funza hupenda vumbi. Huingia miguuni mwa watu, na pia katika miguu ya mbwa.

PANGA KWANZA, CHIMBA MSINGI BAADAYE

Familia yetu ilitoka nje na kuuangalia uwanja. Nawe fanya hivyo. Huhitaji karatasi. Chukua kijiti, uchore ardhini. Pima kwa miguu. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita 1.

1. Jua upepo. Shika vumbi kavu, liachie lianguke. Tazama linaelekea wapi. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Waulize wazee pia, maana wao wanajua upepo wa kiangazi na upepo wa mvua. Banda liwe upande ambao upepo unakwenda, si upande unakotoka. Hapo harufu, vumbi na nzi havitaletwa nyumbani.

2. Jua mteremko. Tazama maji ya mvua yalipopita mwaka jana. Nyumba iwe juu. Banda liwe chini yake. Maji yakitoka bandani yasipite mlangoni kwako, wala mlangoni kwa jirani.

3. Linda maji. Kisima kiwe mbali na choo, banda na shimo la samadi, mita 30 au zaidi. Kisiwe upande wa chini. Kama upepo unataka hivi na mteremko unataka vile, fuata mteremko. Harufu inaudhi, lakini maji machafu yanaua.

4. Weka nyumba. Dirisha la chumba cha wenye nyumba litazame mahali litakapokuwa banda.

5. Weka banda la mbuzi, kama hatua 20 kutoka nyumbani. Mlango wake uelekee dirisha la chumba.

Hapo ndipo bibi aliposimama, akaenda mwenyewe kwenye mahali pa banda, akapiga kelele kama mbuzi. Watoto wakacheka. Baba alikuwa amesimama mahali pa chumba. Bibi akauliza, "Umesikia?" Baba akasema, "Nimesikia, mama." Bibi akasema, "Basi hapa panafaa. Na mbuzi mkubwa avalishwe kengele."

BANDA LA MBUZI

Mbuzi hapendi kulala penye maji. Akilala penye matope na mkojo, kwato zake huoza, na kifua chake huugua. Kwa hiyo mwinulie sakafu. Simika nguzo imara, na juu yake panga fito au mbao, kama mita 1 kutoka ardhini. Acha nafasi ndogo kati ya fito na fito. Mavi na mkojo vitapita. Mguu wa mbuzi usipite.

Mbuzi mkubwa mmoja anahitaji nafasi ya mita 1 na nusu za mraba. Mbuzi 10 wanahitaji banda la mita 5 kwa mita 3. Kuta za chini ziwe imara na zisiwe na pengo la fisi kupita. Sehemu ya juu iwe ya fito zilizoachana, ili hewa ipite. Paa lisivuje. Mlango uwe mmoja tu, wenye komeo na kufuli.

Kila asubuhi ondoa mavi chini ya sakafu, uyatie katika shimo la mbolea upande wa chini. Funika kwa majani na udongo. Yakioza vizuri, yapeleke shambani. Hayo ndiyo mapato ya banda safi.

BANDA LA KUKU

Kuku naye ajengewe kichanja kilichoinuliwa mita 1, chenye sakafu ya fito, paa na mlango wa kufunga. Ngazi ndogo ya mti inatosha. Mita 1 ya mraba inatosha kuku 5. Familia yetu yenye kuku 12 ilijenga banda la mita 2 kwa mita 1 na nusu, ili vifaranga wakikua wapate nafasi. Ndani weka vijiti vya kulalia, maana kuku hupenda kulala juu. Weka pia viota vya kutagia vyenye majani makavu.

Mchana kuku hutembea. Hilo haliwezi kuzuiwa kila mahali. Lakini waweza kumzuia mtoto asitambae walipo kuku. Jenga uzio mdogo wa fito kwenye kibaraza, utandike mkeka safi ndani yake. Mtoto acheze hapo. Vyombo vikaushwe juu ya kichanja chao.

Kumbuka chanjo ya kideri, ambacho wengine huita mdondo. Kuku huchanjwa kila baada ya miezi 3 au 4, kwa tone moja tu la jicho. Muulize afisa mifugo. Banda jipya bila chanjo laweza kubaki tupu kwa wiki moja.

KIBANDA CHA MBWA

Mbwa ni mlinzi. Mahali pake ni kati ya banda la mbuzi na nyumba. Akiwa hapo atasikia pande zote mbili. Mjengee kibanda kidogo chenye paa, sakafu iliyoinuliwa kidogo, na mlango usiotazama upepo wa mvua. Awe na kivuli mchana, na chombo chake cha maji. Chombo hicho kisichanganywe na vyombo vya watu.

Usimfunge mbwa kwa kamba fupi kutwa nzima. Mbwa anayefungwa hivyo huwa mkali kwa kila mtu, hata kwa watoto wa nyumbani. Mfundishe kulala kwake tangu akiwa mdogo.

Mchanje mbwa dhidi ya kichaa kila mwaka. Umpe dawa ya minyoo. Ukichinja, usimtupie maini na mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji, maana humo ndimo anamopata tegu. Yachome au yafukie shimo refu.

Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Kisha aende zahanati au hospitali siku ile ile kupata sindano. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

MAHALI PA PAKA

Paka aruhusiwe ghalani na jikoni usiku, maana kazi yake iko huko. Mwachie tundu dogo chini ya mlango wa ghala. Lakini asilale juu ya kitanda cha mtoto mchanga, wala asipande juu ya chakula. Funika chakula na unga.

Wakati wa kujenga, funika rundo la mchanga kwa makuti, turubai au miiba. Paka huliona rundo hilo kama choo chake, na watoto huliona kama uwanja wa kuchezea. Nyumba ikishakwisha, mwachie paka mchanga kidogo pembeni, mbali na bustani ya mboga. Mboga zinazoliwa mbichi zioshwe vizuri kwa maji safi.

NYUMBA YENYEWE

Kanda sakafu mpaka iwe laini, ili iweze kufagiwa. Kama una saruji, tumia saruji. Kuta zikandikwe au zipigwe lipu ndani. Kila ufa uzibwe mara unapoonekana, maana ufa ni nyumba ya papasi. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, ili vumbi lisiruke.

Kila chumba kiwe na dirisha. Jiko liwe na mahali pa kutolea moshi. Usisahau choo. Kila mtu akitumie, hata watoto. Karibu na choo weka maji na sabuni. Ukitoka chooni, nawa. Ukitoka bandani, nawa. Kabla ya kupika na kumlisha mtoto, nawa tena.

JIRANI NAYE ANA HAKI

Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976 iliwakusanya watu wengi wa Tanzania katika vijiji. Tangu hapo nyumba nyingi zimekaribiana. Upepo unaoondoa harufu kwako huweza kuipeleka kwa mwenzako. Kwa hiyo kabla ya kusimika nguzo za banda, mwite jirani. Tazameni pamoja. Ni rahisi kuhamisha kijiti kuliko kuhamisha banda.

Wakubwa wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mabanda nayo yaweza kujengwa hivyo. Leo kwako, kesho kwangu. Kazi ya watu sita siku moja ni nyepesi kuliko kazi ya mtu mmoja siku sita.

USIKU WA KWANZA

Turudi kwa familia yetu. Nyumba ilikwisha kabla ya mvua. Usiku wa kwanza mbuzi walilala bandani. Bibi hakulala. Kila kengele ilipolia, aliamka na kuchungulia dirishani. Usiku wa pili aliamka mara mbili. Usiku wa nne mbwa alibweka. Baba akatoka na tochi, akakuta fisi anakimbia. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa. Baada ya hapo bibi alilala mpaka asubuhi.

Na mtoto? Aliharisha tena mara moja. Banda peke yake si dawa. Mama aligundua kwamba maji ya kunywa yalikuwa hayachemshwi siku za kazi nyingi. Akaanza kuchemsha maji ya kesho kila jioni. Mtoto akianza kuharisha, alimpa maji yenye chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, akaendelea kumnyonyesha, akampeleka kupimwa. Polepole mtoto akaongezeka uzito.

Siku moja bibi alikuwa amekaa na mjukuu wake kibarazani, ndani ya uzio wa fito. Kuku alikuja akachungulia. Bibi akamfukuza kwa fimbo. Akasema, "Wewe una nyumba yako."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, kwa nini watu hulala na mifugo? Andikeni sababu tatu.
2. Upepo wa kwenu hutoka upande gani wakati wa kiangazi? Banda lako liko upande gani?
3. Kuku wa nyumbani kwako hulala wapi? Mtoto mdogo hucheza wapi?
4. Mbwa wangapi wa kijiji wamechanjwa mwaka huu? Nani atamwita afisa mifugo?
5. Chukueni kijiti. Choreni ardhini nyumba, choo, kisima, banda la mbuzi, banda la kuku na kibanda cha mbwa. Kila mmoja aeleze kwa nini ameweka kila kitu mahali pake.